Tarehe Niliyoinunua

Mtoto wangu wa pili nilimchagulia siku ya kuzaliwa. Dokta alifungua kalenda kwenye simu yake, akaniuliza: "Jumatano ao Ijumaa?" Mimi ni fundi wa kushona, na swali hilo ninawauliza wateja wangu kila mara wanapoleta vikwembe vya harusi. Nikajibu Jumatano. Tukaandika tarehe 16 mwezi wa nane 2023, saa mbili asubuhi. Dola 350, nusu kabla, nusu siku ya kutoka. Kuzaa kwa kawaida kwenye kliniki hiyohiyo kulikuwa dola 60.

Sikuwa na tatizo lolote. Mtoto alikuwa ametanguliza kichwa, presha yangu ilikuwa sawa, na nyonga zangu zilikwisha kupitisha mtoto mmoja wa kilo tatu na nusu. Nilitaka kupasuliwa, basi.

Hapa Goma, mashariki ya Kongo, ukisema neno hilo, watu wanakutafutia sababu wenyewe. Eti ni uvivu. Eti ni maringo ya bamama ba Himbi, mtaa wa wenye pesa, wanaotaka kupigwa picha wakiwa wamesuka. Eti unamwogopa bwana asije akakuona umelegea. Mimi sina nyumba Himbi. Nina chumba na sebule Mabanga, na cherehani mbili Katindo, moja bado nailipia deni.

Mambo yangu yalianza mwezi wa tano 2021.

Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, ulipasuka Jumamosi tarehe 22, jioni, anga likawa jekundu juu ya mabati yetu. Lava ilishuka hadi Buhene, ikasimama kabla ya kufika uwanja wa ndege. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa imebakiza siku chache. Tulidhani yameisha. Lakini ardhi iliendelea kutetemeka usiku na mchana, nyufa zikatokea kwenye lami, na Alhamisi tarehe 27 alfajiri gavana wa kijeshi akatangaza kwamba kartiye kumi, yaani mitaa kumi ya mji, zihame, kwa sababu moto ulikuwa bado unatembea chini ya mji na chini ya ziwa. Mabanga ilikuwa ndani ya hizo kumi.

Sake ni kama kilomita 25. Barabara ilijaa magari, pikipiki, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zenye magodoro na mbuzi, watoto wamefungwa kamba kiunoni wasipotee. Bwana wangu alibeba sufuria na mfuko wa nguo, mimi nilibeba tumbo. Uchungu ulinishika tukifika Mugunga. Kwanza nikajidanganya kwamba ni uchovu. Nilipoanza kusimama kila baada ya hatua ishirini, bwana wangu akamsimamisha motari mmoja, mwendesha pikipiki, akatupakia wote wawili kwa dola kumi, bei ya siku ile, na kila shimo tulilopita nilimuuma bwana begani. Alama bado anazo. Akiwa na wageni anawaonyesha.

Nilizaa Sake usiku, kwenye kituo kidogo cha afya, mwanga ukiwa wa simu. Mkunga alikuwa mmoja. Wenye uchungu tulikuwa wanne, wawili sakafuni. Mtoto alitoka vizuri, akalia. Halafu nikaanza kutoka damu. Nilisikia kitu cha moto kinatelemka chini ya mgongo mpaka kwenye visigino. Yule mama alinichoma sindano pajani, akaingiza mkono mmoja ndani, mwingine akanikandamiza nao tumbo kwa juu, akakaa hivyo huku jasho likimdondoka, muda ambao siwezi kuupima. Nilimsikia akimwambia aliyeshika simu: "Damu ya kumuongeza hatuna. Na kule Goma hakuna mutu."

Ilisimama. Jina la yule mama silijui mpaka leo. Mtoto wangu, majirani walipomwona tumerudi naye, walimwita Volkano, na mimi nikawa Mama Volkano. Jina lake la ubatizo linatumika kanisani tu.

Basi mimba ya pili iliponishika mwisho wa 2022, vita ilikuwa imekwisha kufika Rutshuru na kila wiki kulikuwa na fununu mpya. Maumivu ya kuzaa sikuyaogopa, niliyajua. Niliogopa saa. Niliogopa uchungu uanze saa saba ya usiku, bwana aende barabarani kutafuta motari, motari wawe wamelala kwa kuogopa wanaonyang'anya pikipiki, na umeme uwe umekatika, na damu ianze. Nilikuwa ninaamka usiku kuangalia kama simu ina chaji. Nilitaka mtu aniambie: siku fulani, saa fulani, dokta yupo, jenereta lina mafuta, damu iko kwenye friji. Kitu pekee kilichokuja na tarehe kilikuwa kisu.

Kwenye benchi la CPN, kule tunakopimwa tumbo, niligundua kwamba hatuko wachache. Unafika saa moja asubuhi, unaitwa saa tano, kwa hiyo kuna muda wa kusikia kila kitu. Msichana mmoja wa mimba ya kwanza alisema anaogopa midomo ya akusheze, yaani mkunga, kuliko anavyoogopa kisu. Dada yake alizaa akipigwa makofi ya mapaja na kuambiwa, "Wakati wa kuipata hii mimba haukulia!" Yeye alihesabu hivi: ukipasuliwa unalala kitandani, umefungwa mkono na seromu, yale maji ya mshipani, hakuna wa kukutukana kwamba hujui kusukuma. Nilicheka, halafu nikanyamaza, maana kila mmoja pale alikuwa na hadithi yake ya hayo matusi, na waliobisha hawakuwepo.

Mwingine alikuwa na shangazi yake kutoka Masisi. Shangazi huyo alikaa siku tatu na uchungu nyumbani, mtoto akafia ndani, na yeye akabaki anavuja mkojo miaka minne mpaka alipofika Bukavu, Panzi, hospitali ya Dokta Mukwege, yule aliyepewa Nobel mwaka 2018. Walimshona akapona. Lakini mpwa wake alikulia kwenye harufu ile, na kichwani mwake kuzaa kwa njia ya chini na kuvuja mkojo vilikuwa kitu kimoja. Mkunga mzee alijaribu kumweleza: fistula inaletwa na kichwa cha mtoto kugandamiza siku nzima, siku mbili, bila mtu wa kukusaidia, na anayepelekwa hospitali mapema ataangaliwa, akihitaji kisu atapewa. Yule dada alisikiliza kwa adabu. Halafu mkunga alipoondoka akatugeukia: "Anasema mapema. Mapema na barabara gani?"

Lile la bwana na kulegea lilisemwa pia, kwa kunong'ona na kicheko, kama kawaida. Mimi ninaona linasemwa zaidi ya linavyoaminiwa.

Kulikuwa na mmoja aliyempoteza mtoto siku mbili kabla ya tarehe yake, akiwa bado tumboni, bila sababu aliyoelezwa. Alisema: "Huyu nataka anitoke kabla ya wiki hiyo kufika." Huyo sikumbishia. Hata leo, na yote ninayoyajua, siwezi kumbishia.

Na kuna jambo ambalo hakuna aliyelisema lakini nililiona mwenyewe baadaye. Kule Ulaya mwanamke mwenye uchungu anaweza kuomba sindano ya mgongo, akaendelea kuzaa kwa kawaida huku maumivu yamepungua. Huku kwetu, kwenye vituo ninavyovijua, sindano ya mgongo inatoka kwenye kabati siku ya kupasuliwa tu. Anayetaka kuzaa bila kulia ameachiwa mlango mmoja, halafu akiupita anaitwa mvivu.

Mama mkwe wangu, mtu wa Rutshuru, aliposikia alikuja mwenyewe mpaka Katindo, akakaa kwenye kigoda cha wateja. "Mama Volkano, kisu ni mambo ya wazungu. Mwanamke wa kwetu anazaa. Hatolewi mtoto kama mbuzi." Sikumjibu, mama mkwe hajibiwi mbele ya wateja. Lakini baadaye nilisoma kwamba mwaka 1879 msafiri mmoja Mwingereza, Robert Felkin, aliwakuta watu wa Bunyoro, hapo Uganda, wakimpasua mama na kumtoa mtoto akiwa hai. Walimpa pombe ya ndizi ili alegee, wakanawia mikono pombe hiyohiyo, wakamwosha nayo tumbo, wakalifunga jeraha kwa pini za chuma na kulipaka dawa ya mizizi. Felkin alimfuatilia siku kumi na moja, mama akawa anapona. Pombe ya ndizi si ndiyo kasiksi yetu? Nilimsimulia mama mkwe siku nyingine, kwa upole. Akafikiri kidogo, akasema: "Hao walimpasua kwa sababu alishindwa. Weye umeshindwa nini?"

Hapo alinishika.

Tena kuna hesabu ambayo nilikuja kuijua nikiwa nimekwisha kulipa. Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 1985, lilikuwa linasema kwamba nchi ikifikisha watoto 10 hadi 15 wa kupasuliwa kati ya 100 inatosha. Mwaka 2021 likasema duniani ni kama mmoja kati ya watano. Brazili ni zaidi ya nusu. Kongo, uchunguzi wa nchi nzima wa 2013 na 2014 ulikuta kama 5 kati ya 100. Maana yake huku kwetu wengi wanaokihitaji kisu hawakipati, mtoto anakwama njiani toka Walikale, na mimi niliyekuwa mzima nakinunua kwa pesa ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana. Niliona aibu. Lakini nisidanganye, aibu hiyo ilikuja ndogo na haikunizuia kulala.

Uchunguzi uleule ulikuta mwanamke wa Kongo anazaa kwa wastani zaidi ya watoto sita. Brazili hawafiki wawili. Hilo ndilo nilipaswa kuanza nalo, na hakuna aliyenianzishia.

Mazungumzo yangu na dokta yalikuwa mafupi kuliko ya kupima gauni. Nilisema nataka operesheni. Akasema haina shida, wengi siku hizi wanaomba. Hakuniuliza kwa nini. Sasa ninafikiri, kama angeuliza, ningemwambia habari ya Sake, na labda angeniambia kwamba aliyewahi kutoka damu namna ile anatakiwa azalie mahali penye damu na watu wa kutosha, kwa njia yoyote, na kwamba kisu chenyewe kinamwaga damu nyingi kuliko kuzaa kwa kawaida. Hakuniuliza pia ninataka watoto wangapi. Simlaumu peke yake. Kliniki ile inaishi kwa bei zake, na 350 si sawa na 60.

Usiku wa tarehe 15 nililala. Ninaliandika hili kwa sababu ni kweli na watu wanaosema vibaya kuhusu sisi hawalijui. Baada ya miezi ya kuamka, nililala kama mtoto. Yaya wangu, dada yangu mkubwa, alikuwa amekuja kwa meli kutoka Bukavu siku iliyofaa kabisa. Volkano alikuwa kwa bibi yake. Bwana aliomba ruhusa kazini wiki nzima kabla. Asubuhi tulikwenda kwa miguu, taratibu, tukinunua mkate njiani kwa ajili ya wengine, mimi nilikatazwa kula.

Sindano ya mgongo, baridi ya chumba, kitambaa cha kijani mbele ya uso. Husikii maumivu, unasikia mikono inapekua kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wa nguo. Dakika chache, msichana. Alilia kidogo, halafu badala ya kulia akawa anahema. Anahema haraka haraka, pua zinapanuka, mbavu zinaingia ndani. Wakambeba.

Tarehe niliyochagua ilikuwa imehesabiwa vibaya. Kabla ya mimba nilikuwa kwenye sindano ya uzazi wa mpango, siku zangu hazikuwa na mpangilio, na ekografi ya kwanza, ile picha ya tumbo kwa mashine, nilifanya miezi sita imekwisha kupita, wakati ambapo kipimo kinaweza kukosea kwa wiki mbili au tatu. Tuliandika wiki 39, mtoto alikuwa na 37 hivi. Muuguzi mmoja alinieleza nikiwa nimelala, kwamba mapafu ya mtoto tumboni yamejaa maji, na uchungu wenyewe unasaidia kuyaondoa, ndiyo maana operesheni isiyo na haraka inasubiri wiki 39 kamili. Siku tatu alikaa na mrija wa oksijeni puani. Mimi niko chumba kingine na mpira wa mkojo, sijamshika. Yaya ndiye alikuwa anakwenda kumwangalia na kunipigia picha. Akapona, yuko hapa ananikatia nyuzi. Lakini zile siku tatu hazikuwa kwenye bei.

Siku ya nane kidonda kikatoa usaha. Kufungwa pansema, yaani bandeji, kila siku mbili, antibiotiki, dola 350 zikawa 520 na kitu. Cherehani yangu ya wakati huo ilikuwa ya kukanyaga kwa mguu, na fundi aliyeshonwa tumbo hakanyagi. Wiki saba wateja wangu walikwenda kwa jirani, wengine hawakurudi. Kwenye kliniki ile kulikuwa na mama mwingine, yeye alipasuliwa kwa dharura, alikwisha kuruhusiwa kwenda nyumbani lakini hakuwa na pesa, akabaki kwenye korido na mtoto wake kama rehani. Tulikuwa tunapita mbele yake kwenda kubadilishwa pansema. Mimi niliyelipia kisu nisichokihitaji, yeye amezuiliwa kwa kisu kilichomwokoa. Sikuweza kumwangalia usoni.

Pamoja na hayo yote, kama ungeniuliza Krismasi ya 2023, ningekuambia ningefanya tena. Sikutoka damu, hapakuwa na barabara wala giza. Kidonda kilikuwa kimekauka, mstari mwembamba chini ya kitovu, mshono mzuri, na mimi najua mshono mzuri nikiuona.

Kilichonigeuza kilikuja mwezi wa kwanza 2025.

Usiku wa kuamkia Jumatatu tarehe 27, waasi wa M23 waliingia mjini. Mabomu, risasi juu ya mabati, umeme hakuna, maji hakuna, intaneti hakuna. Nilikuwa na mimba ya tatu, miezi mitatu na nusu. Tulilala chini ya kitanda, watoto wawili katikati. Jumanne jirani yetu wa ukuta mmoja akashikwa na uchungu, mtoto wake wa nne. Hospitali zilikuwa zimejaa waliopigwa risasi, hata kwenye koridoo na chini, na hakuna aliyethubutu kutoka. Mama mmoja wa parseli (ua) yetu, muuza samaki wadogo wa sambaza, aliyezaa tisa, akavua kitambaa cha kichwa na kuingia. Wakaja kugonga kwangu kuomba uzi. Nikawapa uzi mweupe wa pamba na wembe mpya, wakavichemsha kwa maji tuliyokuwa tunayabania ya kunywa. Baada ya saa moja na nusu nikasikia mtoto.

Nilikaa sakafuni na kile kibobini cha uzi mkononi, na hapo ndipo nilipohesabu. Jirani aliweza kuzaa pale kwa sababu tumbo lake halina mshono. Kama ingekuwa mwezi wa saba, wakati wangu wa kuzaa, na mimi ndiye mwenye uchungu, mama muuza sambaza asingeweza kunisaidia. Mfuko wa uzazi uliokatwa unaweza kuachia wakati wa uchungu. Wanasema ni kama mmoja kati ya 200 wanaojaribu kuzaa kwa kawaida baada ya kupasuliwa, si wengi, lakini huyo mmoja anahitaji chumba cha upasuaji na damu ndani ya dakika chache. Nilinunua tarehe ili nisije tena nikazalia barabarani. Sasa barabara ndiyo ilikuwa haiwezekani kabisa. Mimi, kati ya wanawake wote wa parseli, ndiye niliyekuwa nimefungwa kwenye hospitali kwa kamba ya ndani ya tumbo langu, katika mji ambao hospitali inaweza isifikike siku tatu.

Mwezi wa tatu, mji umetulia kidogo, benki zimefungwa na dola zimekuwa za kutafuta, nilikwenda hospitali kubwa. Dokta pale, mwanamke, aliuliza swali la kwanza: "Fishi ya operesheni iko wapi?" Sikuwa na fishi, ile karatasi inayoeleza operesheni ilivyofanywa. Nikamwonyesha kovu. Akasema kovu la ngozi halimwambii chochote, anataka kujua mfuko wenyewe ulikatwa vipi, kwa kulala chini kabisa au kwa kusimama, kwa sababu uliokatwa kwa kusimama haujaribiwi uchungu hata kidogo. Kwenye ushonaji ni vilevile, upindo wa nje unaweza kuwa mzuri na bitana imeshonwa na mlevi. Nikarudi kwenye kliniki yangu. Geti limefungwa, mlinzi anauza mikaa mbele. Dokta alikwisha kukimbilia Kampala. Wiki tatu tukamtafuta kwa WhatsApp kupitia mtu wa mtu, mpaka akajibu kwa mistari miwili: alikata chini, kwa kulala. Nikauchapisha ujumbe ule kwa mtu wa fotokopi, karatasi moja, nikaiweka kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango.

Ekografi ya miezi mitano ilionyesha kondo la nyuma limekaa chini, karibu na mlango wa mfuko. Dokta alinieleza bila kunitisha: kwa aliyepasuliwa, kondo linapenda zaidi kukaa huko, na likiota juu ya kovu linaweza kushika kama mizizi na kukataa kubanduka, na hapo damu inayotoka ni ya kutisha. Mara nyingi linapanda lenyewe kadiri tumbo linavyokua. Tusubiri. Nilisubiri wiki kumi na mbili. Kaka yangu na shemeji wawili wakapimwa kundi la damu, wakawa tayari kwa kuitwa. Nilirudi kuamka usiku kuangalia chaji ya simu, mahali palepale nilipoanzia, ila sasa nilikuwa nimelipa.

Lilipanda. Kwenye wiki ya 37 nikahamia kwa mama mdogo, dakika kumi kwa miguu toka hospitali, na cherehani moja nikaibeba huko. Dokta alisema kwa kuwa nimewahi kuzaa kwa kawaida, na mkato ulikuwa wa chini, ninaweza kujaribu. Wanaojaribu, kama saba kati ya kumi wanafaulu. Mimi niliyeomba kisu nikiwa mzima sasa niliomba kuzaa. Wakunga wawili wa pale hawakunitukana hata neno. Mmoja alimruhusu yaya akae nami, akanishika kiuno tukatembea koridoo nzima. Kama ningeyajua haya mwaka 2023, sijui.

Baada ya saa tisa moyo wa mtoto ukaanza kushuka, na mimi nikawa na maumivu kwenye kovu ambayo hayakuondoka hata uchungu ulipopumzika. Wakanipasua. Mvulana, kilo tatu na gramu mia mbili, akalia kwa nguvu. Dokta aliniambia kesho yake kwamba pale kwenye mshono wa zamani mfuko ulikuwa umekonda mpaka nywele za mtoto zilikuwa zinaonekana. Nimeona vikwembe vilivyofika hapo, unaviinua kwenye mwanga unaona vidole vyako.

Safari hii niliomba fishi kabla ya kutoka, nikaisoma mstari kwa mstari, nikauliza neno nisilolielewa. Imeandikwa kwamba mimba nyingine yoyote ni ya kupasuliwa, kabla ya uchungu, mahali penye damu. Bwana wangu anataka mtoto wa nne. Kwa kwao wanne ni wachache. Dokta alikwisha kuniuliza kama ninataka nifungwe kizazi, nikasema nitazungumza na bwana, na bado hatujazungumza. Mama mkwe anajua fishi inasema nini. Hajasema neno, na kwake huko kunyamaza ni huruma.

Wiki iliyopita msichana anayejifunza kazi kwangu, ana miaka 21 na mimba ya miezi mitano, alikuwa anatunga uzi kwenye sindano ya cherehani. Bila kuniangalia akauliza: "Mama Volkano, kupasuliwa siku hizi ni bei gani?"

Nikamwuliza anaogopa nini. Akanyanyua mabega. Baadaye akasema usiku. Anakaa Ndosho, nyumba yao iko mbali na barabara, juu ya mawe ya lava, pikipiki haifiki.

Nikazima cherehani. Nikamtolea ule mfuko wa plastiki, karatasi ya WhatsApp na fishi ya mwezi wa saba, nikamsomea yote, na yale ya Sake nikamwambia, na ya uzi wa jirani. Nikamwambia mama mdogo wangu ana kitanda karibu na hospitali, tunaweza kumwomba kuanzia wiki ya 37, na kwamba nitamsindikiza CPN nimwonyeshe wale wakunga wawili. Alisikiliza mpaka mwisho, akazikunja karatasi vizuri kwenye mikunjo yake ya zamani.

"Lakini ule usiku wa kabla ya Jumatano," akasema, "ulilala, sivyo?"

"Nililala."

Akatikisa kichwa, akarudi kutunga uzi.